Intakomu ya pikipiki: chagua kwa masikio ya anayekaa nyuma

Mimi ndiye ninayekaa nyuma. Mume wangu anaendesha, na safari zetu ndefu nyingi ni za Dar es Salaam kwenda Iringa kwa wazazi wangu. Ili tuongee njiani tumetumia intakomu, vile vifaa vya mawasiliano vinavyofungwa kwenye helmeti, za bei ndogo, tumeazima ya waya, na sasa tuna jozi nzuri tuliyojinunulia. Kwa hiyo watu hutuuliza wanunue ipi. Wanaouliza karibu wote ni wanaoendesha, na swali lao la kwanza huwa ni inafika umbali gani.

Umbali si kazi yenu. Kwenye boksi mtaona imeandikwa kilomita 1.6, nyingine kilomita 2, lakini hiyo ni hesabu ya pikipiki na pikipiki, tena mahali peupe pasipo kizuizi. Kutoka mdomoni mwangu hadi sikioni mwa mume wangu haifiki hata mita moja. Vivyo hivyo meshi, ule mfumo unaounganisha kundi zima la waendeshaji bila kupangana foleni, ambao kampuni ya Cardo wanao kwenye kifaa chao cha Packtalk na kampuni ya Sena kwenye 50S. Ni kitu kizuri sana kwa wanaotoka kikundi kila Jumamosi. Ila kama ni wawili kwenye pikipiki moja, Bluetooth ya kawaida inatosha, na pesa itakayobaki ina mahali pazuri pa kwenda.

Kinachowashinda wengi ni upepo. Dereva ana kioo mbele yake, ameinama kidogo, na hewa inampita kwa utaratibu. Abiria anakaa juu zaidi, na hewa inayomfikia imeshavunjwavunjwa na helmeti na mabega ya aliye mbele. Inapiga kutoka pande zote. Vipimo vilivyowahi kuchukuliwa ndani ya helmeti vilionyesha takriban desibeli 90 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na ukifika mwendo wa barabara kuu kelele hukaribia 100. Hapo hata pikipiki iwe na injini tulivu kiasi gani, kinachosikika ni upepo. Ndiyo maana dereva anaweza kusema kwa moyo safi kwamba kifaa ni kizuri, anasikia kila neno, wakati wa nyuma anaambulia mivumo tu. Wa kupitisha kifaa ni yule anayesikia kwa shida.

Kabla ya intakomu, basi, tazameni helmeti ya abiria. Nyumba nyingi utakuta baba ana helmeti ya maana, na mama anapewa ile ya wazi iliyokuwa ikining'inia stoo. Ukifunga kifaa cha gharama kwenye helmeti iliyolegea, inayoacha hewa kuingilia shingoni, umetupa pesa. Helmeti inayofunika uso mzima, inayokaza mashavu vizuri, ikiwa na kioo kinachofunga mpaka chini, hupunguza kelele kuliko kifaa chochote kitakavyoweza kupambana nayo. Angalieni pia kama ndani ina vishimo vya spika masikioni. Za siku hizi nyingi zinavyo, na kanuni mpya ya helmeti inayotumika Ulaya, ECE 22.06, inapima hata helmeti zilizofungwa vifaa vya ziada. Kama haina vishimo, msikubali fundi achonge lile povu gumu jeupe kwa kisu ili spika iingie. Povu hilo ndilo linalopokea pigo la kichwa mkianguka. Tafuteni spika nyembamba au badilisheni helmeti.

Sasa spika zenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona tofauti kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Spika ya helmeti haiingii sikioni, inakaa kando yake, na ikihama sentimita moja tu kutoka kwenye tundu la sikio, maneno yanakuwa mazito yasiyoeleweka. Unasikia kwamba mtu anaongea, husikii anasema nini. Njia niliyofundishwa, na ambayo nawafundisha wengine, ni hii: chukua rangi ya mdomo, paka kidogo kwenye kijinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, pande zote mbili, vaa helmeti taratibu ikiwa spika bado hazijabandikwa, ifunge mkanda, kisha ivue. Alama inabaki kwenye kitambaa cha ndani. Hapo ndipo katikati ya spika inapotakiwa kukaa. Kisha pima kina: spika iguse sikio kwa wepesi bila kulibana. Vifaa vingi huja na vipande vya sponji vya kuweka nyuma ya spika ili isogee karibu. Watu huviacha kwenye boksi. Vitumieni.

Dada zangu, fanyeni kipimo hicho mkiwa na nywele mnazosafiri nazo. Misuko minene huinua helmeti, na spika iliyopimwa ukiwa na nywele fupi itakuwa juu ya sikio ukisuka. Anayevaa mtandio achague wa kitambaa chepesi, mkunjo mmoja tu upite sikioni, apime akiwa ameuvaa hivyo hivyo. Hereni vua, zitakuumiza kabla hujafika Chalinze.

Kipaza sauti nacho kina adabu yake. Helmeti ya kufunika uso wote huwekewa kile kidogo cha waya kinachobandikwa ndani ya kidevu. Ya wazi, au ile ya kunyanyua kidevu, huwekewa chenye mkono. Vyote vina upande wa kuelekea mdomo, kwa kawaida umewekewa alama, na ukikigeuza kinachukua upepo kuliko sauti. Kiwe karibu na midomo kiasi cha kuigusa kidogo unapoongea. Ile sponji yake isitoke. Ikipotea, badala ya sauti yangu mume wangu anapata mngurumo mtupu, anapunguza sauti ya kifaa chake ili asiumie, na kuanzia hapo hanisikii tena hata nikimwonya. Jozi moja inaweza kuwa nzuri kabisa ikaonekana mbovu kwa sababu ya sponji ndogo kama tembe.

Jambo la kuuliza dukani, ambalo muuzaji hatalitaja mwenyewe, ni kama laini kati ya dereva na abiria inabaki wazi muda wote. Baadhi ya vifaa hulala mkinyamaza na kuamka vinaposikia sauti. Kwa maongezi ya kawaida mtazoea. Lakini abiria mara nyingi anasema neno moja: "Tuta!" Kifaa kinaamka kwa neno hilo hilo, na kinalimeza. Nikisema "ng'ombe kulia", kinachofika ni "kulia". Kwa anayejua barabara zetu, hilo si jambo la kuvumilia. Tafuteni kinachoruhusu wote wawili kuongea kwa pamoja kama simu, laini ikiwa wazi, na mweze kukizima kwa kitufe kimoja mnapotaka kimya.

Nunueni jozi ya kampuni moja, ikiwezekana iliyofungashwa pamoja kiwandani. Kampuni kubwa zote huuza boksi la viwili, na mara nyingi bei yake ni chini kuliko kununua kimoja kimoja. Kuunganisha kampuni tofauti kunawezekana, ila kwa kawaida kifaa kimoja hujifanya simu kwa mwenzake, kikakalia nafasi ya simu, na mnapoteza ramani au uwezo wa kupokea simu. Sisi ramani inakaa kwenye simu ya mume wangu na maelekezo anayasikia yeye. Muziki ni wangu. Vifaa vingine vinaweza kupeleka wimbo mmoja kwa wote wawili. Ni raha, lakini jaribuni muone kama maongezi bado yanapita wimbo ukiwa unacheza, maana si vyote vinavyoweza.

Intakomu za waya zimesahaulika, na sidhani ni haki. Kampuni ya Uingereza iitwayo Autocom ilizitengeneza kwa miaka mingi, na Honda Gold Wing za zamani zilikuja na soketi ya kila mmoja kuchomeka helmeti yake. Zinatumia umeme wa pikipiki, kwa hiyo hakuna cha kuchaji wala cha kuunganisha upya kila asubuhi. Ile tuliyoazima ilikuwa na sauti safi. Kero ni kukumbuka kuchomoa kabla ya kushuka, na kazi ya kupitisha nyaya chini ya kiti. Kwa mtu mwenye pikipiki moja anayebeba abiria yule yule siku zote, ningemwambia aifikirie kabla ya kuamua.

Bei zinatofautiana sana. Jozi za Kichina zinapatikana chini ya dola 100 za Marekani, na kifaa kimoja tu cha daraja la juu kinaweza kukaribia dola 400. Nimesikiliza za pande zote mbili. Za bei ndogo ndani ya mji, kwa mwendo wa kilomita 50 au 60, zinafanya kazi. Mkivuka Kibaha na kuanza kukimbia, kinachozitofautisha ni uwezo wa kuchuja kelele na ukubwa wa spika. Zenye spika za milimita 40 husikika bila kupandisha sauti mpaka mwisho. Kama pesa ni ya kubana, mimi ningechukua ya kati na kuiweka kwenye helmeti mbili nzuri kuliko kuchukua ya juu kabisa na kuiweka kwenye helmeti mbovu. Ukinunua Kariakoo, nenda na helmeti zote mbili, na uulize kama watakuuzia peke yake kipaza sauti, spika, na kile kibanio kinachoshikilia kifaa pembeni mwa helmeti. Hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza. Ukiagiza nje, ongeza usafiri na ushuru kwenye hesabu, na ujue kwamba kikiharibika kukirudisha ni safari nyingine ya gharama.

Kuhusu mvua, tafuteni alama ya IP67, yaani kinahimili hata kuzama mita moja kwa nusu saa. Masika hayabembelezi. Jua nalo ni adui wa betri. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto zaidi ya nyuzi 45, na helmeti nyeusi iliyoachwa juani nje ya mgahawa inafika huko upesi. Sisi tukisimama kula tunaingia nazo ndani. Watengenezaji huahidi saa 10 hadi 13 za kuongea, na kikiwa kipya kwenda Iringa kinatosha bila wasiwasi; baada ya muda kinapungua, na hapo kile kinachokubali kuchajiwa huku mnaendelea kukitumia kinakuwa na faida yake.

Naomba pia mlinde masikio. Mpaka unaotajwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu. Kwa desibeli 100 ni robo saa tu. Anayepandisha spika ili kuushinda upepo anaongeza kelele juu ya kelele. Vaeni vile viziba masikio vya sponji ndani ya helmeti. Vinakata mvumo wa upepo, na sauti ya spika, ukiipandisha kidogo, inapita ikiwa safi zaidi. Mume wangu hakuamini mpaka alipojaribu, na sasa hasafiri bila hivyo. Mlio wa honi na wa injini ya lori bado mnausikia.

Kikishafungwa, kubalianeni mnaongea nini. Kwenye vijiji vya kibao cha 50, mimi ndiye msoma vibao, na nasema namba tu. Mikumi, pale barabara inapokatiza hifadhini kwa kilomita kama 50, kazi yangu ni vichaka vya kushoto na kulia: swala, nyani, tembo kwa bahati. Nasema upande kwanza, mnyama baadaye, "kushoto, twiga", kwa sababu mkono wake unahitaji upande kabla ya jina. Ruaha Mbuyuni tunazungumza mambo ya nyumbani na bei ya vitunguu. Tukianza kupanda mlima Kitonga, ambako malori yanatambaa na kona hazionyeshi kinachokuja, tunanyamaza wote. Na neno "pita" mimi silitamki kabisa, hata nikiona barabara tupu mbele, kwa sababu ninachokiona nikiwa juu ya bega lake si anachokiona yeye. Kama nimechoka au nimeumwa na msuli nasema "simama", na tumeelewana maana yake ni mahali pa kwanza penye usalama, hata kama ni kilomita mbili mbele.

Kwa mara ya kwanza, msikijaribie safarini. Zungukeni nacho mtaani, kisha nendeni kwenye barabara inayoruhusu mwendo kidogo, abiria asome vibao kwa sauti na dereva avirudie. Namba zikirudi zimekosewa, simameni mrekebishe spika na kipaza sauti kabla ya kulaumu kifaa.