Usisaini mkataba wa vishikwambi kabla hujawazimisha data

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Unasema wahitimu wa shule yenu wamechangishana, kuna kampuni imewaletea vishikwambi "vyenye mtaala mzima", na Jumamosi bodi inasaini. Unauliza mchukue vya inchi ngapi, ubao janja mmoja au miwili, walimu wapigwe semina ya muda gani, na kama divisheni ziro na utoro vitapungua. Inchi! Hiyo ya inchi ndiyo iwe ya mwisho kabisa.

Uliza hivi: huo mtaala umo ndani ya kishikwambi, au uko kwenye seva ya hao jamaa?

Sisi hatukuuliza. Nilikuwa kamati ya manunuzi ya shule wanayosoma wanangu, na sahihi yangu iko kwenye mkataba, nimeichora kwa madaha kabisa. Siku ya maonyesho alikuja kijana wa kampuni na tai yake, projekta yake, ruta yake, hadi ekstensheni yake. Akatuonyesha moyo unavyosukuma damu, ukiukuza unaona vali zinafunguka na kufunga. Mwenyekiti wa bodi akapiga makofi, mimi nikamzidi. Jamaa alipoondoka, ruta ikaondoka naye.

Vifaa vilikuja, tena vizuri. Kumbe masomo hayamo. Mwanafunzi akigusa Baiolojia, kishikwambi kinaitafuta seva. Tukaanza kununua bando kwa hela iliyotengwa kwa mitihani ya majaribio. Darasa zima likifungua video moja, kiduara kinazunguka mpaka kengele inalia. Kipindi ni dakika 40, na mwalimu wa Fizikia hakuwa na muda wa kusubiri kiduara. Alirudi kwenye chaki yake.

Hilo tungevumilia. Kilichotumaliza ni leseni. Ilikuwa ya mwaka, inalipwa kwa kichwa cha mwanafunzi, na ilijificha kwenye kiambatisho cha nyuma chenye herufi za kuchungulia. Mwaka ulipoisha, kila kioo kikaandika: "Leseni imekwisha, wasiliana na msimamizi." Msimamizi ni wao. Nywila ya mfumo wanayo wao, kwa hiyo hata kupakia mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma hatukuweza. Ni sawa na kununua jiko la gesi, halafu unaambiwa mtungi ni wa kukodi na koki anatembea nayo muuzaji.

Tulipompigia kijana wa tai, akasema ofisi inalishughulikia. Inalishughulikia hadi leo. Vishikwambi vimo kabatini kwa mtunza stoo, ambaye kwa uaminifu mkubwa anavichaji kila wiki, sijui vya nini. Nyumbani naitwa Baba Digitali. Nimezoea, kuna majina mabaya zaidi.

Anayenichoma roho zaidi ni "mtaalamu" tuliyemlipa atushauri. Alitufokea kikaoni kwamba dunia nzima imeshahamia huko, sisi tunawachelewesha watoto. Dunia gani? Peru waligawa laptop za watoto kwa wingi. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliotoka 2012, shule 319 za vijijini, ukakuta alama za hesabu na lugha hazikupanda. Los Angeles walianza kugawa iPad 2013, wanafunzi wakavunja ulinzi wake ndani ya wiki chache, 2014 mkataba ukasitishwa. Marekani hiyo, yenye umeme na intaneti ya kumwaga. Mtaalamu wetu hakuyataja haya. Baadaye tukasikia ana asilimia yake kwa kampuni.

Na msinielewe vibaya, sipingi teknolojia. Mkoani Tanga, kwenye lile shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 katika vijiji kama 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuchaji ni kwa sola ya kijiji. Watoto walijifunza kweli, na mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Ile ilikuwa KKK, siyo Kidato cha Nne, kwa hiyo usiibebe nzimanzima. Ila somo lilikuwa ndani ya kifaa, halikusubiri bando la mtu.

Sharti langu ni moja. Muuzaji aje darasani, siyo ukumbini, siku ya kawaida ya masomo. Azime data, ruta ibaki garini, na mchukulie LUKU imekata. Kishikwambi apewe mwalimu wenu wa Hisabati, yule mzee anayelalamika kila kikao, afundishe kipindi mwanzo mwisho. Kijana wa tai akae dawati la nyuma asiguse kitu.

Wiki hii jaribuni Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality. Ni ya bure. Mnaipakua mjini pamoja na masomo kwenye laptop moja, mkifika shuleni wanafunzi wanaingia kwa Wi-Fi ya ndani bila bando hata shilingi. Mtajua walimu wenu wanahitaji nini kabla hela ya wahitimu haijatoka benki.

Halafu mkataba uandike kwamba nywila zote anakabidhiwa mkuu wa shule siku vifaa vinapopokelewa, na kwamba leseni ikiisha, masomo yanabaki. Kampuni ikijibu hilo litaangaliwa baada ya malipo, mpeni kijana soda baridi, msindikizeni hadi getini.