Kabla hujaziamini koodineti, izunguke ghuba kwa miguu

Kama unafunga vihisi vya unyevu wa udongo kwenye michikichi huku Kigoma, na umeamua data isafiri kwa kufuata mahali kila kihisi kilipo, haya nimeyaona kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Njia yenyewe ni nzuri, naipenda. Kihisi hakilazimiki kukariri ramani ya mtandao mzima. Kinajua koodineti zake (namba zinazoonyesha mahali kilipo), za majirani zake na za kituo kikuu, basi. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ikiingia, kinamkabidhi jirani aliye karibu zaidi na kituo. Ni kama mgeni anayeulizia njia ya Ujiji: kila anayemuuliza anamsogeza mbele kidogo. Kwa kifaa chenye kumbukumbu ndogo na betri ndogo, hiyo ni nafuu kubwa.

Taabu inaanzia kwenye ghuba. Vihisi vyetu vilifuata ukingo wa maji, kituo kikiwa ng'ambo. Pakiti zote zilikimbilia kihisi cha kwenye ncha ya rasi, maana kwa mstari ulionyooka ndicho kilichokuwa karibu na kituo kuliko vingine vya upande ule. Mbele yake ni maji tu, mapana kuliko nguvu ya redio yake. Majirani zake wote wako nyuma, mbali zaidi na kituo. Pakiti inafia hapo, na kihisi ni kizima kabisa.

Brad Karp na H. T. Kung walilipatia tatizo hili dawa mwaka 2000 kwa itifaki yao (kanuni za kusafirisha data) ya GPSR. Pakiti ikikwama inashika kanuni ya mkono wa kulia, inaambaa na ukingo wa pengo mpaka ifikie kihisi kilicho karibu na kituo kuliko pale ilipokwama, kisha inaendelea na mwendo wake wa kawaida. Ukichagua programu, hakikisha sehemu hiyo imo. Bila hiyo, pakiti iliyokwama inatupwa kimyakimya nawe unapanda mlima kubadilisha kihisi kisicho na kosa.

Kanuni hiyo inataka koodineti sahihi, la sivyo pakiti inaweza kuzunguka palepale. Usiweke GPS kwenye kila kihisi. Inakula betri, na kihisi chenyewe hakihami. Pima mara moja wakati wa kufunga, mahali penye uwazi, usubiri namba zitulie. Chini ya makuti zinarukaruka.

Halafu jirani wa mbali asikudanganye. Chukua wa mita 80 anayepokea pakiti 3 kati ya 10, na wa mita 50 anayepokea 9. Zidisha umbali ambao pakiti inasogea kuelekea kituo kwa kiwango cha kupokea: kama wote wako upande wa kituo, wa kwanza anakupa 24, wa pili 45. Mpe wa pili. Pima tena masika, kwa sababu majani yaliyolowa yanameza mawimbi, hasa ya gigahezi 2.4.

Vihisi vya ukingo wa ghuba ndivyo vitakavyobeba mizigo ya wenzao wote, hivyo betri zao zitaisha mapema. Vipe paneli ndogo ya sola, au ongeza vingine viwili vitatu hapo vigawane kazi. Yan Yu, Ramesh Govindan na Deborah Estrin walipendekeza mwaka 2001, katika itifaki yao ya GEAR, kwamba jirani achaguliwe kwa umbali pamoja na nishati iliyombakia. Kwa mwambao wetu wenye kona nyingi, mimi ningeanza na hiyo.