Albamu yenu ya kwanza ya roki ya progresivu: malizeni kazi kabla ya kuingia studio

Studio haimalizii wimbo ambao bendi yenyewe haijaumaliza. Kama mnapiga nyimbo za dakika tatu zenye pigo moja toka mwanzo hadi mwisho, mnaweza kuingia na wazo nusu mkatoka na kitu. Roki ya progresivu haisamehe. Wimbo wa dakika 11, sehemu sita, pigo linabadilika mara nne, kinanda na gitaa vinapokezana: kila swali ambalo hamkulijibu mazoezini mtalijibu huku saa ya studio inahesabiwa, na jibu la haraka litabaki kwenye rekodi milele.

Tuanze na watu. Wanne au watano wanatosha: dramu, besi, gitaa, kinanda, na sauti ambayo inaweza kuwa ya mmoja wao. Kwa Nairobi, Dar au Mombasa, wapiga gitaa hamtawakosa. Kazi ni kumpata mpiga dramu na mpiga kinanda. Watafuteni makanisani. Huko ndiko wengi wamejifunzia, na wamezoea kupiga muda mrefu bila kuchoka, kumfuata kiongozi anayebadilisha ghafla, na kupandisha ufunguo nusu sauti kwa ishara ya kidole tu. Ila mjue Jumapili asubuhi si yenu, na Jumamosi alasiri mara nyingi ni ya kwaya. Jioni mbili za katikati ya wiki, kila moja muda wa saa tatu, zina faida kuliko siku nzima moja ambayo kila wiki mmoja wenu atakosa.

Sasa mapigo. Mtu aliyekulia kwenye chakacha au ngoma nyingine za 6/8 tayari ana sikio la kusikia mbili na tatu kwa pamoja, na hiyo ni nusu ya elimu yote inayotakiwa hapa. 7/8 ni hizo hizo mbili na tatu zimepangwa upya. Chukueni mapigo madogo, yale yanayoingia manane ndani ya kipimo kimoja (fungu la mapigo linalojirudia) cha 4/4. Kwenye 7/8 yako saba. Msihesabu "moja, mbili, tatu" hadi saba, ulimi utachelewa. Tumieni silabi: taka, taka, takita. Kila "ta" ni kofi. Mpiga dramu ashike mapigo madogo yote saba kwenye hai-hati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu), kiki (dramu kubwa ya mguu) kwenye "ta" ya kwanza, snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) kwenye "ta" ya tatu, ambayo ni pigo dogo la tano. Anzeni na mwendo wa 80 (mapigo makubwa 80 kwa dakika, kila moja mapigo madogo mawili), mpande kwa tano tano hadi 120.

Kosa linalojirudia ni bendi kuongeza pigo la nane bila kujua. Mwili umezoea 4/4, kwa hiyo besi inavuta pumzi mwishoni mwa kipimo na dramu zinaisubiri. Dawa yake ni besi kupiga pale pale kiki inapopiga, noti moja moja, bila pambo lolote, hadi sehemu iingie mwilini. Mapambo yataongezwa baadaye na hayatavuruga kitu.

Zaidi ya hapo kuna mahali ambapo muziki huu unapendeza kuliko pote: vyombo viwili vinavyozunguka kwa urefu tofauti. Gitaa likizunguka mapigo madogo 5 juu ya dramu za 4/4, vitakutana tena baada ya mapigo madogo 40, yaani mizunguko 8 ya gitaa na vipimo 5 vya dramu. Gitaa la 7 juu ya 4/4 hukutana baada ya 56: mizunguko 8 kwa vipimo 7. Andikeni namba hizo ukutani mwa chumba cha mazoezi. Mkiipa sehemu hiyo vipimo 4 au 8 kwa mazoea tu, gitaa litakatwa katikati ya mzunguko wake, na msikilizaji atahisi kuna kitu kimekwenda kombo hata asipojua ni nini.

Kila wimbo uwe na ramani ya ukurasa mmoja. Mstari kwa kila sehemu: jina lake, idadi ya vipimo, pigo, mwendo, ufunguo, na chombo kinachoongoza. Mfano: "Ubeti wa 2, vipimo 12, 7/8, mwendo 120, Mi ndogo, kinanda." Ramani hiyo ndiyo mnayoingiza kwenye programu ya kurekodia ili kliki (mlio wa kuhesabia mwendo) ibadilike yenyewe. Reaper inafaa sana kwa kazi hii na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Angalieni mtego mmoja. Programu nyingi huhesabu mwendo kwa pigo kubwa hata mkiwa kwenye 7/8, lakini baadhi ya metronomu za simu huhesabu pigo dogo. 120 ya mazoezini inageuka kuwa nusu ya 120 ya studio. Pimeni kwa saa: kwa mwendo wa 120, kipimo cha 4/4 huchukua sekunde 2, cha 7/8 sekunde 1.75. Kliki yenyewe ilie kwa nguvu kwenye kila "ta", maana ikilia kwenye pigo la kwanza pekee haimsaidii mpiga dramu. Sehemu isiyo na pigo, kwa mfano kinanda peke yake, iachwe huru, kisha iwekwe hesabu ya vipimo viwili kabla ya dramu kuingia.

Baada ya ramani, rekodini mazoezi kwa simu, kisha pigeni mbele ya watu. Jukwaa huonyesha sehemu iliyo ndefu mno. Mnaona macho ya watu yanapohama. King Crimson, bendi ya Uingereza ya muziki huu, walianza mazoezi London Januari 1969, wakapanda jukwaani Aprili, wakarekodi albamu yao ya kwanza katikati ya mwaka kwa mashine ya njia 8 tu (sauti nane zinazorekodiwa kila moja kivyake), na Oktoba ikatoka. Njia nane ziliwatosha kwa sababu nyimbo zilikuwa zimeshaiva.

Msirekodi kila mlicho nacho. Nyimbo tatu au nne, dakika 25 hadi 35, ni kazi inayoheshimika. Tengeni siku mbili za dramu, moja ya besi, mbili za gitaa, moja ya kinanda, mbili za sauti.

Dramu ndizo zinazoamua rekodi itasikikaje, kwa hiyo pesa na muda viende huko. Badilisheni ngozi za juu za snea na tomu (dramu za kati) siku mbili kabla, zipate muda wa kutulia, na mzikaze upya asubuhi ya kurekodi. Maiki nane zinatosha: kiki, snea juu, snea chini, hai-hati, tomu mbili, na mbili za juu ya matoazi. Hizo mbili za juu ziwe na umbali sawa kutoka katikati ya snea; pimeni kwa kamba, si kwa macho. Zikitofautiana, snea inafika kwenye maiki moja kabla ya nyingine na sauti yake inakuwa nyembamba. Kwa maiki ya snea ya chini, bonyezeni kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) na msikilize: penye uzito zaidi ndipo pabaki. Wenzake mpiga dramu wapige naye pamoja, lakini gitaa, besi na kinanda viingie moja kwa moja kwenye kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) bila ampu (kikuza sauti cha chombo), kila mtu na hedifoni, ili maiki za dramu zisikamate kingine.

Vyumba vyetu vya zege vinarudisha mwangwi mkali. Blanketi nzito zikining'inizwa sentimita 10 mbali na ukuta hufanya kazi kuliko zikibandikwa ukutani. Chini ya paa la mabati msipange siku za dramu wala sauti kati ya Machi na Mei. Mvua ya masika ikianza hakuna maiki itakayoikwepa. Umeme nao: kompyuta na kadi ya sauti viwe kwenye UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika faili iliyokuwa inaandikwa inaweza kuharibika. Mkisikia mvumo mzito wa chini kwenye gitaa, huo ni umeme wa Hz 50. Chomekeni vifaa vyote kwenye soketi moja, sogezeni gitaa mbali na skrini na vibadilisha umeme. Kamwe msikate pini ya ethi (ya waya wa ardhini) ili kuondoa mvumo. Mtu anayeshika nyuzi za chuma huku mdomo uko kwenye maiki anaweza kufa.

Rekodini kwa biti 24 na kHz 48, vilele vya sauti visivuke -12 dB. Kwa njia 16, dakika 40 za rekodi ni takriban GB 5.5, na mkirudia mara kadhaa mtafika GB 50 kwa urahisi. Nakala mbili kwenye diski mbili, kila jioni, na moja ilale nyumba nyingine. Gitaa la ampu lirekodiwe pamoja na sauti yake safi kwenye njia ya pili, ili mlango wa kubadili ampu baadaye ubaki wazi.

Kwenye miksi, yaani kuchanganya njia zote, kinanda na gitaa hugombania eneo la Hz 200 hadi 500. Kabla ya kugusa ekwalaiza (ya kupunguza au kuongeza sauti za chini na za juu), mwambieni mpiga kinanda auache mkono wa kushoto pale besi inapopiga. Nusu ya ugomvi huisha. Masta, yaani nakala ya mwisho ya kutolewa, isikandamizwe. Spotify husawazisha sauti karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo kuikaza hakuwapi ukubwa wowote, kunafuta tu tofauti kati ya pole na kali ambayo ndiyo roho ya muziki huu.

Mgawanyo wa umiliki wa kila wimbo uandikwe na kutiwa sahihi kabla ya siku ya kwanza ya studio, kwa asilimia, mashairi na muziki. Kisha sajilini kazi: KECOBO kwa Kenya, COSOTA kwa Tanzania, ambazo ni taasisi za hakimiliki. Kila wimbo upewe namba yake ya ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi.

Spotify huhesabu usikilizaji mmoja baada ya sekunde 30, kwa hiyo wimbo wa dakika 18 unahesabiwa sawa na wa dakika tatu. Mnaruhusiwa kuugawa, lakini ugaweni pale muziki wenyewe unapofungua ukurasa mpya. Toeni faili za WAV, kwani MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni na kiungo kitasikika kama kikwazo. Faili ya pili ianze pale pale ya kwanza ilipokatwa, bila kufifisha sauti upande wowote, na msikilize kila kiungo kwa hedifoni kabla ya kupakia.