Kuandaa vielelezo vya wadudu wadogo sana: ushauri kwa wanaoanza

Ninyi mnaoingia katika kazi hii mfahamu mapema kwamba mtaalamu wa utambuzi hutafuta alama chache tu mwilini mwa mdudu, kama vile idadi ya pingili za kipapasio, mpangilio wa vinywele vya kichwani au mishipa ya bawa, na kielelezo kisichoonyesha alama hizo hakimfai hata kiwe kimehifadhiwa kwa uangalifu namna gani. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia ya kuhifadhi, ulizeni kwanza kundi hilo hutambuliwa kwa kutazamwa nini. Nzi weupe waliopevuka, kwa mfano, hufanana mno, na spishi zake nyingi hutambuliwa kwa hatua ya nne ya lava, ile inayonata chini ya jani. Basi chukueni jani lenyewe pamoja na nzi.

Kwa thripsi (wadudu wembamba sana wanaofyonza mimea) na vidukari wanaokusudiwa kutazamwa kwa hadubini, ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 inatosha. Ya asilimia 95 huhifadhi DNA vizuri zaidi, lakini huwafanya wadudu wawe wakavu na wepesi kuvunjika vipapasio, ndiyo maana napendelea kugawa mkusanyiko katika vichupa viwili kila inapowezekana. Formalini iepukeni, kwa sababu hukaza mwili na kuharibu DNA. Kichupa kijazwe hadi juu, maana kiputo cha hewa kinachozunguka humo wakati wa safari huwang'oa wadudu miguu.

Kazi ya kuwaweka kwenye slaidi ndiyo inayodai subira kuliko zote. Mtoboeni mdudu tumboni kwa sindano nyembamba, kisha mlazeni katika mmumunyo wa potasiamu haidroksidi wa asilimia 10 hadi mwili uanze kupitisha mwanga, huku mkivaa glavu na miwani ya kinga kwa kuwa kemikali hii huunguza. Kuipasha moto huharakisha kazi, lakini mdudu laini huweza kuharibika mkiwa mmegeuka tu, nami naona ni heri kumwacha usiku kucha bila moto. Baada ya hapo kandamizeni tumbo taratibu ili vilivyoyeyuka vitoke, msuuzeni kwa maji safi, halafu mpitisheni katika ethanoli inayozidi kuwa kali hatua kwa hatua hadi ile isiyo na maji, na mwishowe katika mafuta ya karafuu. Hatua hizi zisirukwe, kwa sababu maji yakibaki mwilini, zeri ya Kanada, yaani utomvu unaomshikilia mdudu kwenye slaidi, hugeuka nyeupe kama maziwa na vinywele vyote hupotea machoni.

Thripsi alazwe chali katika tone la zeri juu ya kigae chembamba cha kioo, mabawa yakiwa yametandazwa na vipapasio vimenyooshwa, kisha slaidi ishushwe juu yake na kugeuzwa mara tu zeri inapoenea. Kausheni kwa wiki kadhaa katika nyuzijoto 35 hadi 40.

Nyigu wadogo hawahitaji yote hayo kila mara. Wengi hugundishwa kwa upande wa kulia wa kifua kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu, ili upande wa kushoto ubaki wazi. Wakitolewa kwenye ethanoli na kuachwa wakauke hewani, miili yao hunywea, hivyo wakaushwe kwa njia ya kikemikali.

Lebo ikae ndani ya kichupa, wala si nje, na iandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka katika ethanoli. Wino wa kalamu ya kawaida hutoweka. Iandikeni siku ileile ya kukusanya: nchi, mahali, majiranukta, mmea alikopatikana mdudu, tarehe na jina la mkusanyaji. Mwezi uandikwe kwa namba za Kirumi, kwa kuwa 4/7 husomwa na wengine kuwa Aprili na wengine kuwa Julai, ilhali 4.vii haina utata.