Rangi na gundi kwa darasa la watoto 70

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utafundishaje kuchora na kubandika darasa la pili lenye watoto 70 na boksi moja tu la kalamu za rangi. Inawezekana kabisa. Anza na gundi.

Koroga vijiko vinne vya unga wa muhogo kwenye kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Mimina taratibu kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka upate uji mzito unaong'aa. Ukipoa, gawa kwenye vifuniko vya chupa, kimoja kwa watoto wawili. Pika ya siku hiyo tu, maana ikilala huchacha na kunuka.

Gundi hiyohiyo ndiyo inayoshika rangi: changanya na mkaa uliosagwa, udongo mwekundu uliochekechwa, au manjano ya jikoni. Mkaa usage mwenyewe nyumbani, vumbi lake si zuri kwa vifua vya watoto. Brashi ni kijiti kibichi kilichopondwa ncha mpaka nyuzi zitokee.

Karatasi zisikuumize kichwa. Omba maboksi matupu dukani, wachoree upande wa ndani. Edward Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli. Wasimulie hilo, kisha kila mmoja achore mnyama mmoja mkubwa. Mwaka jana mtoto wangu mmoja, asiyezungumza kabisa darasani, alichora kuku wa manjano aliyejaza boksi zima, akaniomba arudi naye nyumbani.