Dogo wa HKL, usikonfemu hiyo digrii kabla hujasoma tangazo la ajira

Dogo simama hapohapo. Umesema umemaliza fomu siksi HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza), upo Mbalizi, unataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi, umechaguliwa digrii ya elimu yenye maneno ya mipango na uongozi kwa nyuma, na jamaa wa udahili kakwambia ukimaliza unafundisha popote kuanzia chekechea mpaka sekondari. Afu unatuuliza habari za hosteli Iringa, laptopu, mkopo na BTP (ile ya kwenda shuleni kufundisha kwa vitendo). Hosteli?? Mdogo wangu, hosteli ndo inakunyima usingizi?

Hiyo kozi nimeisoma mimi. Sio chuo hicho, ila ni ndugu wa baba mmoja. Nikisoma ulivyoandika "kaniambia nafundisha popote" nimesikia tumbo linakata kabisa, maana ni maneno yaleyale, sijui wanagawiwa karatasi moja wakariri.

Mi kwetu Makete. Mzee wangu hana biashara yoyote ana miti tu, na ada ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye miti ambayo haijakomaa. Wa Njombe na Mufindi mnanielewa hapo. Mnunuzi anakuja anaangalia shamba anakunja uso, anasema hii bado nyembamba mzee, hapa mbao ya maana haitoki, anataja bei yake ya kukutukana, na mzee anakubali kwa sababu chuo kimeshasema ada isipoingia hakuna kusajiliwa. Miaka michache mbele ileile miti ingelipa mara nyingi tu. Na kibaya zaidi chuo cha ualimu Tandala kipo hukohuko Makete, nimekua nakiona, ila mi nani wa kusoma cheti wakati nina principal zangu za fomu siksi? Cheti nikaona ni cha waliofeli. Mdomo huo sasa hivi nautumia kulia.

Aliyenipoteza alikuwa kwenye banda la chuo kimoja binafsi, walikuja Mbeya na spika na maturubai wakafunga karibu na stendi. Kaka ana tai, anaongea kama mchungaji. Nikamuuliza swali ambalo nililiona la maana sana, nikimaliza naweza kufundisha msingi? Akacheka kabisa, akasema dada, mtu wa digrii anashindwaje kufundisha darasa la tatu? Nikaona jibu limeshiba nikajaza fomu. Sikujua kwamba kuweza kufundisha ni kitu kimoja na kuna mtu wa kukuajiri ufundishe ni kitu kingine, na yeye alijibu lile la kwanza kwa makusudi. Hana kosa kisheria, hajasema uongo hata neno moja, ndo maana nina hasira naye zaidi. Ni sawa na kununua lumbesa ya viazi kwa kuangalia zile za juu mdomoni, muuzaji alizipanga mwenyewe. Sijui walikuwa wanalipwa kwa kichwa, sijui vipi, ila kama yupo humu anasoma, kaka salama? Tai bado ipo?

Kwa hiyo tukasoma. Falsafa ya elimu, sosholojia, uchumi wa elimu, utawala, kupanga bajeti, kusimamia miradi. Masomo mazuri, sitanii, mpaka leo naweza kukuelezea vizuri tu kwa nini shule inapata madarasa mapya bila madawati. Wenzetu wa ualimu wa kawaida walikuwa mchana wanatoka kwenda kwenye vipindi vya Kiswahili, Jiografia, Historia, yaani kila mtu na masomo yake mawili ya kufundishia, na sisi tunabaki kantini tunapiga stori tunawaonea huruma kwamba wana mzigo mkubwa. Tulikuwa tunawacheka!! Hakuna mhadhiri hata mmoja aliyetuambia nyie mnaocheka transkripti yenu (ile karatasi ya masomo uliyosoma chuoni) itakuwa na tundu hapo.

BTP ndo ilikuwa taarifa ya kwanza ila sikuisoma. Nimepangiwa sekondari, sio msingi (hilo lenyewe lilitosha kuniamsha), mkuu wa shule ananipokea vizuri, chai na maandazi, afu anauliza mwalimu masomo yako mawili ni yapi? Nikaanza kumuelezea kozi yetu ilivyo pana. Akanisikiliza mpaka mwisho, mzee mstaarabu yule, akasema basi chukua Uraia, mwenye Uraia yupo likizo ya uzazi. Nikafundisha Uraia kwa kusoma kitabu usiku na kukimwaga asubuhi. Msimamizi alipokuja kukagua akanipa alama nzuri tu, na mi nikajiona mwalimu.

Sasa ngoja nikwambie siku yenyewe. Tangazo la walimu limetoka, nipo steshenari Mwanjelwa, Mbeya, foleni mpaka nje. Vyeti vimeshagongwa mhuri kwa wakili kwa hela yangu, barua ishaandikwa kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320 Dodoma, majengo ya Asha-Rose Migiro, hiyo anwani hata leo ukiniamsha usiku wa manane naitaja. Kijana kafungua PDF. Tangazo limepangwa kwa madaraja, Mwalimu Daraja la III A hao ni wa cheti, III B diploma, III C digrii. Tukashuka III C. Historia. Jiografia. Kiswahili. Kiingereza. Fizikia. Hisabati. Kila somo na nafasi zake. Kijana anaendelea kushusha, ananiuliza dada we somo gani? Nikasema nimesoma mipango. Akapandisha juu, akashusha chini, akapandisha tena taratibu kama mtu aliyedondosha sindano, akasema mipango huku haipo dada, labda kuna tangazo lingine? Nyuma yangu mtu anasema si asogee wengine tuombe. Nikasogea. Nikamlipa hela ya kuskani vyeti ambavyo havikwenda popote.

Na sijaishia hapo kwa ubishi wangu, nikasema basi naomba ile ya III A, si mwenye kikubwa anaweza kidogo? Hapana. Pale wanataka cheti cha ualimu na mi sina, nina digrii. Sasa elewa hapo dogo: nimesoma zaidi ya mtu wa Grade A, yaani huyo wa cheti, na kazi yake siruhusiwi kuiomba. Shangazi yangu mpaka leo anaamini kuna mtu kanifanyia kitu. Namwambia shangazi hakuna mchawi, ni transkripti.

Ndio maana kanuni yangu ni moja tu na nitairudia mpaka moderator anifunge: ANZA NA TANGAZO LA AJIRA, RUDI NYUMA MPAKA KWENYE KOZI. Wewe umeanza na kozi unaenda mbele gizani. Leo hii ingia Ajira Portal, ule mfumo wa kuombea kazi za serikali, au popote yalipohifadhiwa matangazo ya nyuma, pakua tangazo la mwisho la walimu, na lile la kabla yake pia. Tafuta mstari unaoandika sifa za mwombaji. Chukua jina la kozi yako neno kwa neno lilivyo kwenye kitabu cha udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), sio lilivyo kwenye kipeperushi, afu liweke pembeni ya ule mstari. Halimo? Usikonfemu. Usiniambie "lakini inafanana". Ule mfumo haujui kufanana. Na siku hizi kuna usaili juu yake, sio kama zamani TAMISEMI wanakupangia kituo unabeba godoro unaenda, sasa hivi unakaa unafanya mtihani, na mtihani ni wa somo lako, wewe utafanya wa somo gani?

Sasa hivi nafundisha shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza hapa jijini, hawakuangalia sana, waliona digrii wakafurahi kuiweka kwenye tangazo lao. Mshahara tusiuongelee kuna watoto humu. Lakini siku ya kwanza nimepewa darasa la kwanza Kiswahili, nimesimama na chaki, nimeandika b, nawaambia hii ni "be", semeni be. Wakasema be. Nikaandika a mbele yake, nikamwita mtoto asome, akasoma "bea". Nikamwambia hapana, ba. Akaniangalia kama mimi ndo nimechanganyikiwa. Kuna mama mmoja alistaafu serikalini, mwenye Grade A yake ya zamani, alikuwa anapita dirishani, akaja kuniambia kwa upole baada ya kipindi, mwalimu, mtoto hasomi jina la herufi anasoma sauti yake, ukimpa jina la "be" atakusomea "bea" na yeye ndo yupo sahihi. Ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, kila kitu alinifundisha yeye mchana wakati wa uji. Hicho ndo kinaitwa kufundisha KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) na wenzio wanakaa chuoni kukisomea. Mi nilikuwa nasomea bajeti.

Haya tufanye unataka msingi kwelikweli, na ndivyo ulivyoandika. Kuna digrii ambazo zinakugusa, elimu ya awali ipo UDSM na UDOM, elimu maalumu pia UDOM ipo, hizo zina darasa la watoto ndani yake. Huku kwetu watu watakutajia Mkwawa, chuo kizuri sana kile na ni chuo kikuu kishiriki cha UDSM, ila kinakupika uwe mwalimu wa sekondari, na hizi digrii za ualimu pale Ruaha, Chuo Kikuu cha Iringa na TEKU ya Mbeya nyingi zimekaa hivyohivyo, uliza kabla hujafurahi. Ukichukua njia hiyo kwa HKL yako basi hakikisha una Kiswahili na Kiingereza kama masomo mawili ya kufundishia na yaandikwe kwenye transkripti, na ujue masomo ya sanaa mko wengi, wa Fizikia na Hesabu ndo wanaotafutwa. Na njia ambayo mi ningeichukua leo kwa macho makavu ni kuanza na chuo cha ualimu, diploma ya msingi, uajiriwe, afu digrii uifuate ukiwa kazini kwa kibali cha mwajiri (kibali dogo, kibali, kuna walimu wamesoma bila kibali wamerudi na digrii wakabaki na mshahara uleule, hiyo nayo ni mada nzima). Diploma ukipata GPA ya 3.0 mlango wa chuo kikuu uko wazi. Najua utasema watu watakucheka kijijini. Mimi wanacheka na sina kituo.

Mkopo: ukiupata shukuru, ukianza kazi wanakata 15% ya mshahara, hata shule binafsi wanakata, na wanakata hata kama kozi yenyewe haikukusaidia, bodi ya mikopo haijali ulidanganywa na nani. Diploma nao wameanza kuingizwa kwenye mikopo toka 2023/24 kwa kozi za kipaumbele, angalia kama yako imo. Laptopu na hosteli wengine watakujibu, mi nimesahau hata bei za Kihesa hapo Iringa, nakumbuka baridi tu.

Ila kabla ya hayo yote chukua simu mpigie huyo jamaa wako wa udahili sasa hivi, si ana namba yako? Usimuulize kama utaweza kufundisha. Muulize hivi: kwenye tangazo la ajira la walimu, kozi hii inaingia daraja gani na somo gani, anitumie huo ukurasa. Afu rudi hapa utuandikie kajibu nini.