Usimnyang'anye simu
Dada, umeuliza kama umchukulie binti yako simu baada ya wenzake kugeuza picha yake kuwa stika kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Nakuomba usifanye hivyo. Watoto wengi hunyamaza kwa sababu hiyo hiyo: wanajua wakisema tu, simu inakwenda.

Sisi wazazi tunasubiri tuone tusi ndipo tuamini kuna uonevu. Mwalimu naye atasema yametokea nje ya shule. Mtoto anaona kingine kabisa: kila akiandika neno, stika inarushwa, darasa zima linacheka, halafu grupu jipya linafunguliwa yeye hayumo. Hapo hakuna tusi hata moja, na shule hataki kwenda.

Pigeni skrinishoti za jumbe na stika hizo, zenye majina na tarehe, kabla wenzake hawajazifuta. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inautambua uonevu wa mtandaoni kuwa kosa, na namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure. Ila kabla ya kwenda shule, muulize yeye anataka nani aambiwe. Akishtukizwa na kikao cha wazazi, safari nyingine hatakwambia.